Jinsi ya Kuligeuza Gari Kuukuu la Nyumbani Liwe Gari la Kazi



Wako watu wengi, mijini na vijijini, walio na magari ya namna ile iitwayo stesheni wagoni, yaani gari la nyumbani lenye mgongo mrefu na mlango wa nyuma uinukao juu. Gari la namna hiyo likiisha kuzeeka, viti vikachanika na rangi ikapauka, mwenyewe huona njia mbili tu: kuliuza kwa bei ya chuma chakavu, au kuliacha chini ya mwembe mpaka kuku watage ndani yake. Walakini iko njia ya tatu, ambayo kwa mtu mwenye fedha chache yapasa kufikiriwa, nayo ni kuligeuza liwe gari dogo la mizigo, lililopangwa ndani kwa kazi yake mwenyewe: kupeleka mikate, kuchukua vyombo vya fundi, kuuza chakula mnadani, au kulala safarini.

Nataka kuieleza kazi hiyo kwa taratibu, tangu kulichagua gari hata kulipakia mara ya kwanza. Wala sitaeleza faida yake peke yake. Kwa maana gari lililogeuzwa vibaya laweza kuila akiba ya nyumba nzima, na hata kuwaua wenyewe.

Kazi hii si mpya kwetu

Asidhani mtu kwamba jambo hili limezuka jana. Wazee wetu wanayakumbuka magari ya Peugeot 404 na 504, yaliyosifiwa sana katika Afrika ya Mashariki kwa ugumu wao. Gari la 404 lilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha jamii ya 504 ikashinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Katika 504 ile ya mgongo mrefu, watengenezaji hawakurefusha bati tu. Kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma kulikuwa na milimita 2900, ambapo gari la kawaida la 504 lilikuwa na milimita 2740. Na nyuma walitia ekseli nzima yenye springi mbili kila upande. Yaani waliona kwanza uzito utakaobebwa, ndipo wakaunda gari. Likumbukeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

Mafundi wetu nao waliyageuza magari kama hayo kwa njia zao. Matatu za kwanza za Kenya, zilizopata jina kwa nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, nyingi zilikuwa magari yaliyotiwa mabenchi na mapaa kwa mikono ya mafundi wa mtaani. Dar es Salaam nako yalikuwapo magari yaliyoitwa chai maharage, ambamo abiria waliketi kwa mabenchi wakitazamana. Kazi ile ililisha nyumba nyingi. Lakini pia ilitufundisha kwa uchungu kwamba benchi lililopigiliwa katika gari la mizigo si kiti, na kwamba gari halipati nguvu mpya kwa sababu mtu amelipa umbo jipya.

Siku hizi gari lionekanalo zaidi kwa kazi hii ni Toyota Probox, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 mahali pa Corolla ya mizigo. Nimelichukua liwe mfano wetu, maana vipuri vyake hupatikana na mafundi wanalijua. Lakini mwenye Corolla ya zamani au Peugeot aweza kuifuata taratibu ile ile.

Kulitazama gari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, lala chini ulitazame gari kwa taa. Usiyatazame sana makochi wala rangi, wala usiogope mno injini inayotoa kelele, kwa sababu injini yaweza kutengenezwa au kubadilishwa. Kitazame kutu. Chukua bisibisi uguse kwa nguvu vizingiti vya milango, sakafu chini ya kapeti, kingo za matao ya magurudumu, na hasa mahali springi na shokapu zinaposhikwa na bodi. Watu wa pwani wazidishe uangalifu, maana hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Kutu ikiwa juu juu, hiyo ni kazi ya msasa na rangi. Lakini bisibisi ikizama hata kutoboka karibu na mahali springi inaposhikwa, liache gari hilo, hata ukiuziwa kwa bei ya mbuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa gari hujengwa kwa fedha nyingi kuliko gari lenyewe.

Kisha zitazame karatasi. Kitabu cha gari cha Kenya, au kadi ya gari ya Tanzania, huandika umbo la gari, rangi yake na idadi ya viti. Ukiondoa viti na kuziba madirisha, umebadili mambo yaliyoandikwa. Kwa hiyo uliza kwanza, kabla ya kukata chochote: Kenya ni kwa NTSA, Tanzania ni kwa TRA. Ukaulize na kwa watu wa bima yako, ukiwaambia wazi gari litafanya kazi gani. Bima iliyolipwa kwa gari la kwenda nalo shambani na sokoni yaweza kukataa kulipa gari lile likigonga huku linapeleka mali ya biashara. Na siku hiyo mwenyewe atalipa kwa shamba lake.

Kupima kabla ya kukata

Gari la kazi hupangwa kwa kazi moja kubwa. Mtu atakaye gari liuze chapati, lichukue saruji, liwalaze watu wanne na kuwapeleka watoto shule, atapata gari lisilofaa kwa lo lote. Chagua kazi iletayo chakula nyumbani, nyingine zifuate.

Tuseme basi kwamba yuko mama aokaye mikate, naye na mumewe wana Probox kuukuu. Wanataka gari la kuchukua unga kutoka mjini, na asubuhi kupeleka mikate madukani na kuuza iliyobaki penye stendi. Viti vya nyuma vikilazwa, nafasi ya mizigo ya gari hilo ni urefu wa karibu milimita 1810, upana wa karibu milimita 1420, na kimo cha karibu milimita 935. Tazameni kile kimo: hakifiki mita moja. Hapana mtu awezaye kusimama ndani, wala kuketi vema. Kwa hiyo duka hili litauza kwa nje. Muuzaji atasimama nyuma, mlango ulioinuka ukiwa ndio kivuli chake, na kila kitu sharti kifikiwe na mkono kutoka pale. Jambo hilo moja laamua mpango wote: rafu zitelekee nyuma, mikate iwe karibu na mlango, na unga ukae mbele, chini, nyuma ya dereva.

Kabla ya kununua mbao, fanya mfano kwa maboksi. Omba maboksi matupu dukani, yakate kwa kisu, uyafunge kwa kamba ndani ya gari kama yatakavyokuwa makabati. Funga na kufungua milango; tia kreti na kutoa. Yaache siku mbili. Kosa lililoonekana katika boksi halina gharama, bali lililoonekana katika mbao limekwisha kulipiwa.

Hesabu ya uzito

Hapa ndipo wengi waharibikiwapo, nami nawasihi msome polepole. Probox ya mizigo imewekewa kikomo cha kilo 400 za mzigo, ikiwa ndani wamo watu wawili tu. Wakiwamo watu watano, kikomo hushuka hata kilo 250. Hesabu hii si ya kubahatisha, maana imetokana na nguvu ya breki, ekseli, springi na matairi pamoja.

Na mbao unazozitia ni mzigo pia, tena mzigo usioshuka hata siku moja. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, wenye unene wa milimita 12, una uzito wa karibu kilo 21. Mbili ni kilo 42. Tia chuma cha mraba cha fremu, kilo 11; wavu na bolti, kilo 10; betri ya pili ya taa, kilo 12. Jumla ni kilo 75. Katika 400 zimebaki 325. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, zimebaki 285. Beli moja la unga, lenye pakiti 12 za kilo 2, ni kilo 24. Basi gari litachukua mabeli 11, nayo ni kilo 264, na zilizobaki 21 ziwe za vyombo vidogo. La kumi na mbili lisitiwe, hata kama nafasi ipo. Uzito wa viti vilivyoondolewa usiuhesabu. Uache uwe akiba ya siku uliyosahau jambo.

Sasa tazameni kosa la mtu apendaye mbao nene, akidhani unene ndio uimara. Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 32. Kwa mbao mbili ameongeza kilo 21 hivi, karibu sawa na beli zima la unga. Mtu huyo kila safari amelipia petroli ya kupeleka beli la mbao mjini na kulirudisha, na unga wake umepungua. Uimara hutoka katika fremu iliyofungwa vema, si katika unene.

Kazi yenyewe

Kwanza, ondoa waya wa hasi wa betri. Kisha vua viti vya nyuma na kapeti, uvitunze mahali pakavu, maana siku ya kuliuza gari huenda mnunuzi akavitaka. Bolti zake usizitupe. Matundu yale ya bolti yalitengenezwa kiwandani katika chuma kilichoongezwa nguvu; ndipo mahali pema pa kufungia fremu yako, tena hapana gharama wala tundu jipya.

Pili, kwangua kutu mpaka chuma kionekane, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Acha ikauke kabisa. Ukifunika chuma chenye unyevu kwa mbao, umeifungia kutu chumbani ili ile kwa raha.

Tatu, tandika sakafu. Plaiwudi ipakwe rangi pande zote mbili na kingoni pia, kwa sababu maji huingilia kingoni. Usitoboe sakafu kwa kubahatisha: chini yake kuna tangi la petroli, mabomba ya breki na nyaya. Lala chini utazame kabla ya kila tundu. Na kila tundu lisilotumika lizibwe kwa mpira au putii, kwa maana moshi wa ekzosi huingia kwa matundu kama hayo. Ndani ya moshi huo kuna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka.

Nne, madirisha. Wengi hukimbilia kuyang'oa na kuchomelea bati. Kazi hiyo ni ya fundi hodari, na bati la gari, ambalo unene wake haufiki milimita 1, hupinda upesi kwa joto. Mwenye fedha chache afanye hivi: aache kioo mahali pake, akipake rangi kwa ndani, aweke plaiwudi nyembamba nyuma yake. Jua halitaingia, mwizi hataona kitu, mvua haitavuja, na siku moja aweza kuyarudisha yote. Lakini nguzo zilizo kati ya madirisha asizikate kamwe. Hizo ndizo zishikazo paa gari likipinduka.

Ikiwa sharti kuchomelea chuma mahali fulani, mpelekee fundi aliyezoea, na kabla ya moto kuwashwa tangi la petroli liondolewe au likae mbali na joto kabisa, kapeti na sponji zote ziwe nje, na mtu asimame karibu na kizima moto.

Tano, wavu wa chuma nyuma ya dereva. Watu huuacha uwe wa mwisho, kisha fedha huisha. Mimi nasema uwe kabla ya rafu. Sikilizeni sababu. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika nusu mita, kila kitu kilicho ndani hutaka kuendelea mbele kwa nguvu iliyo kama mara 20 ya uzito wake. Kreti ya kilo 20 itamsukuma dereva mgongoni kama mzigo wa kilo 400. Hapana kiti kiwezacho kuuzuia. Wavu ufungwe kwa bolti katika chuma cha bodi, wala si kwa skrubu katika mbao. Na mzigo nao ufungwe kwa mikanda.

Sita, rafu na taa. Rafu ziwe na ukingo wa mbele ulioinuka kidogo, ili kreti zisiteleze. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu. Gari lenye uzito juu huyumba penye kona. Taa moja ya LED ya wati 5 yatosha. Katika betri ya volti 12 haitumii hata nusu ya ampea. Waya wake uwe na fyuzi karibu na betri, na upitapo katika tundu la chuma uvikwe mpira, maana waya uliokwanguka huwasha gari zima.

Mambo matatu ya kukataa

La kwanza ni kuongeza springi ili kuongeza mzigo. Utaona magari mengi yaliyoinuliwa nyuma hivyo. Gari halibonyei tena, na mwenyewe hufikiri limepata nguvu. Kumbe breki ni zile zile, na ekseli ni ile ile. Ile ishara ya kumwambia kwamba amezidisha ndiyo aliyoiondoa. Springi zilizochoka zibadilishwe kwa mpya za kipimo kile kile. Na matairi yawe ya mizigo. Namba iliyoandikwa ubavuni huonyesha uwezo: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, na 88 ni kilo 560. Soma kibandiko kilicho penye mlango wa dereva, usinunue chini ya kilichoandikwa.

La pili ni jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limekaribia kuzimika, hata usiku wa baridi. Mkaa hutoa hewa ile ile ya moshi wa ekzosi, na chumba cha kimo kisichofika mita moja hujaa upesi. Chai ipikwe nje.

La tatu ni kuwapandisha watoto nyuma. Najua jinsi ilivyo vigumu. Gari ni la nyumbani, mvua inanyesha, shule iko mbali, na watoto wanasema, tutakaa juu ya unga, baba. Mkisha kuondoa viti na mikanda, hapana tena mahali pa mtoto katika sehemu ile. Ile hesabu ya kreti ya kilo 20 ndiyo hesabu ya mtoto wa miaka sita; yeye naye ana uzito karibu na huo. Kwa hiyo baba na mama waamue jambo hili kabla ya kuvua kiti cha kwanza: je, watoto wetu watasafiri kwa njia gani? Nyumba isiyo na jibu isiligeuze gari lake. Ni afadhali kuacha viti na kuchukua mikate michache.

Kuzigawa fedha

Fedha mlizoziweka kwa kazi hii zigawanyeni mafungu 10. Manne yawe ya breki, matairi, springi na shokapu. Mawili ya kutu na rangi. Mawili ya mbao, chuma, wavu na bolti. Moja la karatasi na bima. Moja libaki bila kuguswa, kwa kuwa gari kuukuu halikosi kumshtua mwenyewe. Wengi hugeuza mpango huu, wakaanza na rangi nzuri na jina kubwa ubavuni, na breki wakaziachia mwezi ujao.

Kazi yaweza kufanywa kwa vipande: mwezi huu breki, mwezi ujao kutu, kisha sakafu na wavu. Kati ya vipande hivyo gari laweza kutembea, mradi hakuna kilichoachwa kimelegea. Chuma na bolti zilizotumika zatafutwe kwa mafundi wa jua kali, kama wa Kamukunji mjini Nairobi au Gerezani mjini Dar es Salaam. Lakini vipuri vya breki vinunuliwe vipya.

Safari ya kwanza

Siku ya kwanza lipakieni nusu ya mzigo, mwende mwendo mdogo katika barabara iliyo wazi, mjaribu breki. Simameni baada ya kilomita chache mguse kila bolti, maana nyingine hulegea mara ya kwanza. Siku nyingine lipakieni mzigo wote. Jioni tazameni taa za mbele: mzigo ukishusha nyuma, taa huinuka na kuwapofusha waendao njia moja nanyi, magari mengine yana kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kuzishusha.

Mwisho, andikeni kwa rangi, ndani ya mlango wa nyuma, mahali kila mpakiaji atakapopaona: MABELI 11, MITUNGI 2, WATU 2. Siku itakuja ambapo jirani ataomba mumchukulie beli moja tu, naye ni mtu mwema aliyewasaidia. Maandishi yale yatawapa ninyi nguvu ya kumwambia, ndugu, ngoja tutakuja kulichukua safari ya pili.